Usukani Uliojifunga Siku ya Hitima

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi watausema wenzangu wa darasani, na wao watautia chumvi. Siku ya hitima ya arobaini ya baba, watu wakiwa bado wananawa mikono baada ya pilau, niliingia ndani ya gari lake, nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kumwigiza.

Gari lilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu, Ngamiani, kati ya ukuta na mtaro. Ni hapo baba alipoliegesha siku aliyorudi na homa. Alizima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti, akaingia ndani kulala. Alipotoka alitoka amebebwa.

Basi nikaketi. Wenzangu watatu wakajipanga kiti cha nyuma kama abiria. Nikakohoa kikohozi chake cha asubuhi. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele kwa sauti yake: "Wewe wa baiskeli! Barabara umerithi kwa babu yako?" Wakacheka, mmoja akapaliwa na punje za wali alizokuwa bado anatafuna. Nami nikaona ninapendeza. Nikasema, "Sasa abiria, shikeni roho, tunakata kona ya sokoni," nikauzungusha usukani kushoto kwa mikono miwili, mpaka mwisho.

Ndani ya shingo ya usukani kitu kikasema, ka.

Nikaurudisha kulia. Haukurudi.

"Yakhe, umeuvunja," akasema yule wa wali.

"Sijauvunja. Umenuna."

"Gari la marehemu, na siku ya hitima yake!"

"Basi shukeni. Mmefika."

Wakashuka. Mimi nikabaki pale kidogo. Tangu siku ya maziko watu walikuwa wakinisifu, mtoto huyu ana moyo, hata chozi. Mimi moyo sikuuona. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya darasani: unajua upo, unaugonga kwa kidole, haukujibu. Kucheza nilikuwa nacheza na kucheka nilikuwa nacheka kama kawaida. Ulimi ulifanya kazi yake bila kuniuliza.

Gari lile baba alilipata kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Akaligeuza teksi. Lilikuwa na kitu ambacho teksi nyingine za mjini hazikuwa nacho: ukichomoa ufunguo, kipande cha chuma ndani kinangoja, na usukani ukizungushwa tu kinatumbukia kwenye pengo lake, magurudumu yanabaki yametazama upande mmoja. Baba alijivunia chuma kile kuliko alivyojivunia mimi. Alikuwa akiwaambia abiria, "Hili mwizi akiliiba atazunguka nalo duara, atalirudisha mwenyewe." Kwa hiyo siku ile nilijua nilichofanya. Sikujali tu. Gari lilikuwa halina pa kwenda.

Masika ikanyesha, ikapita. Mama alikuwa ndani ya eda, chumbani kwake, na nguo nyeupe, bila wanja, bila udi, bila mafuta ya nywele. Hakulia sana mbele ya watu, na hakuomba kitu. Chakula kililetwa, akala kidogo. Maji yaliletwa, akanywa. Ukimwuliza anataka nini anasema hataki.

Zilipobaki wiki tatu eda kwisha, nilimpelekea uji asubuhi moja, naye akasema bila kuniangalia:

"Siku nikitoka nitakwenda kwa dada yangu, Usagara."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akitoka edani, nyumba ya kwanza kuingia ni ya watu wake, na Usagara yenyewe ni hapahapa mjini.

"Nitakuitia teksi, mama."

"Teksi ipo hapo nje."

"Ile?"

"Ile. Na nitakaa mbele."

Nikaweka bakuli chini. Miaka yote baba aliyoendesha teksi mama hakukaa kiti cha mbele hata mara moja. Mbele palikuwa pa abiria mwanamume, na kama hakuna abiria palikuwa pa kapu. Mama alikaa nyuma, ndani ya buibui lake, kama mtu anayechukuliwa na dereva asiyemjua.

"Nimwambie rafiki yake baba aje aliendeshe?" Rafiki yake baba alikuwa dereva wa lori, wa shamba la mkonge vilevile.

"Nikae mbele na mwanamume wa watu? Siku ya kwanza natoka?"

"Basi nani?"

"Baba yako hakukufundisha?"

Alinifundisha, Jumapili, kwenye njia za ndani ya mkonge, mahali ambapo hata ukikosea unagonga mkonge. Nina miaka kumi na sita.

"Leseni sina, mama."

"Baba yako alikuwa nayo. Ilimsaidia nini?" Akachukua uji akanywa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kama ule ulikuwa woga. Kwa miezi ile yote mama hakuomba kingine. Aliomba kitu kimoja, na kitu hicho nilikuwa nimekifunga mimi, nikichekesha watu.

Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na nilijua ulipo. Ulikuwa mfukoni mwa koti, na koti alipewa mwosha. Hiyo nayo ni desturi: anayemwosha maiti hupewa nguo za maiti. Siku ile zilikunjwa, zikatiwa kwenye mkeka, zikatolewa, na hakuna aliyetia mkono mifukoni. Nani ampekue marehemu mbele za watu, kama polisi? Sasa kwenda kubisha hodi kwa mwosha, useme kile ulichopewa cha baba yangu nakitaka kidogo, ilikuwa ni aibu ya kutosha mtaa mzima. Nikasema nitalifungua mwenyewe.

Nilichukua spoku ya baiskeli, nikaipinda ncha, nikaingiza tunduni nikachokonoa. Ikakwaruza. Nikasema hapa pamekauka, panataka mafuta. Mafuta nyumbani yalikuwa ya nazi, chupa ya mama ya nywele, imejaa tangu eda ianze. Nikaimimina nusu ndani ya tundu la ufunguo, nikajiona fundi.

Ilikuwa kipupwe. Asubuhi ya pili mafuta yaliyobaki chupani yalikuwa yameganda meupe, na ya tunduni vilevile, pamoja na vumbi lote lililokuwa humo. Spoku ikaingia kama inachomwa kwenye mshumaa. Yule mwenzangu wa wali alikuja kuchungulia.

"Sasa imefunga zaidi?"

"Sasa inanukia."

Kwa hiyo nikaenda kwa mwosha. Alikuwa mzee mwembamba wa mikono mikubwa, anakaa nyuma ya msikiti, na alikuwa kibarazani kwake amevaa koti la baba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, babu."

"Basi umekuja kufanya nini kwangu?"

"Nimekuja kuuliza ufunguo. Ulikuwa mfukoni mwa hilo koti."

Akaliangalia koti kana kwamba limemvaa lenyewe. "Na koti hulitaki?"

"Silitaki."

"Sema kweli. Linanibana makwapani. Baba yako alikuwa mwembamba kuliko mimi, nilimwosha, najua."

Kwenye mkono wa kulia wa koti palikuwa na tundu lililoliwa na maji ya betri. Nilikuwapo siku yalipomwagika, na nilikuwapo mama alipolalamika. Nikalitazama lile tundu, nikangoja kitu kinijie. Nikangoja sana. Nilichosikia ni kuku wa mzee tu.

Mzee akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti, akaumwaga juu ya jamvi. Funguo kumi na kitu. Miwani ya kioo kimoja. Kitana. Tasbihi iliyokatika. Filimbi ya kandanda. Jino moja la dhahabu, ambalo alilirudisha haraka ndani ya mkebe.

"Vya mifukoni hivi," akasema. "Nguo nimepewa. Vya mifukoni sikupewa."

"Mbona huvirudishi?"

"Nimpigie mtu hodi nimwambie nini? Wakiniona mlangoni tu wanaanza kulia. Mwingine alinifukuza kwa mwiko, alidhani nimekuja kwa ajili ya mkwewe, na mkwewe yu mzima anakula." Akasukuma funguo kwa kidole. "Chagua."

"Kama dukani, babu."

"Duka halina mteja hili. Wewe wa kwanza, mjukuu wangu."

Wa baba ulikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa fundo mbili. Nikauchukua.

"Na siku yako wewe ikifika, babu, mkebe nani atauchukua?"

"Atakayeniosha." Akanishika mkono, akaupindua, akaukagua vidole. "Mkono mzuri huu. Mrefu. Soma kwanza, ukishindwa njoo."

Nikashukuru nikaenda zangu. Njiani niligundua kwamba nimeukamata ufunguo mpaka meno yake yameniacha alama kiganjani.

Ufunguo ukaingia nusu, ukakwama kwenye mafuta. Siku hiyo hiyo rafiki yake baba alipita kutujulia hali. Ndani haingii, kwa sababu ya eda. Husimama nje akasalimia kupitia dirishani, kisha huenda kuligusa gari boneti kama mtu anayempima mtoto homa. Nikamweleza yote, ila ile ya kuigiza.

"Mafuta ya nazi?" akasema. "Kwenye kufuli? Ungetia na tui basi, mwanangu, na pilipili."

"Sikujua, baba."

"Hukujua. Haya, kachukue mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Una penseli?"

"Penseli ya nini?"

"Ya kukuandikia ujinga wako. Kalete."

Nikafanya alivyosema. Unyoya unauchovya kwenye mafuta ya taa, unauingiza tunduni, unautoa, unaupangusa, unarudia. Ulitoka na uji mweupe, halafu wa kijivu, halafu ukatoka safi. Nikaacha pakauke mpaka kesho yake. Kisha nikaikwangua risasi ya penseli kwa wembe, ikawa unga mweusi, nikaupuliza tunduni kwa mrija wa jani la mpapai. Unga ule ndio mafuta ya kufuli. Hauvuti vumbi na haugandi. Penseli tatu nilizimaliza, na mwalimu wa hesabu hakuelewa nilipomwambia zimeliwa na gari.

Ufunguo sasa ukaingia wote. Haukugeuka.

"Usiulazimishe, utakatika," akasema rafiki yake baba, amesimama nje ya mlango wa gari. "Ulipokata kona uliuacha usukani umekiegemea kile chuma. Kimebanwa. Upunguzie mzigo. Vuta usukani kidogo huku, kidogo huku, na mkono mwingine unausihi ufunguo. Vyote kwa pamoja."

"Na wewe umejuaje nilikata kona?"

"Magurudumu ya mbele yametazama mtaroni, mwanangu. Yalijikata yenyewe?"

Nikavuta kidogo huku, kidogo huku. Mara ya tano au ya sita, ka. Usukani ukalegea mikononi mwangu kama mtu aliyekubali. Rafiki yake baba akasema alhamdulillahi, akageuka upande wa barabara, akajipangusa uso wote kwa kofia yake. Mimi nikauzungusha kushoto, nikauzungusha kulia. Unaenda. Basi.

Nikadhani kazi imekwisha. Nikageuza ufunguo hatua ya pili, ile ya kuwasha, nikangoja taa nyekundu. Taa haikuwaka. Betri imekufa, tukasema, miezi minne imekaa bure. Akaichukua kwenye lori lake, akaenda kuitia moto, akairudisha baada ya siku tatu. Taa haikuwaka. Nikalala chali chini ya usukani nikachungulia nyuma ya swichi, na hapo nikakuta nyumba ya panya. Nyaya walikuwa wamezitafuna, zimebaki ncha za shaba. Kitanda cha watoto wao walikuwa wamekitengeneza kwa manyoya ya kiti na karatasi, na karatasi zile nilizijua: lilikuwa daftari langu la jometria, lile nililosema limeibwa. Pembetatu zangu zote walikuwa wamezilalia. Hata panya hawakuzisahihisha.

Zilikuwa zimebaki siku mbili, na rafiki yake baba alikuwa amepelekwa Maramba na lori, hatarudi kabla ya wiki. Nikabaki na nilichokuwa nimemwona baba akifanya siku moja gari lilipozimika katikati ya mkonge. Umeme wa kuwashia cheche hutoka kwenye betri, unapita kwenye swichi, unakwenda kwenye koili. Swichi ikifa, unairuka. Nilichukua waya wa redio yetu mbovu, nikaumenya ncha zote mbili kwa meno, nikaufunga upande mmoja kwenye betri na wa pili kwenye koili. Ufunguo kazi yake ikabaki moja tu, kuuacha usukani huru. Kuwasha kungekuwa kwa hendeli, ile nondo iliyopinda ya kuzungushia injini kutoka mbele, na kuzima kungekuwa kwa kufungua boneti na kuuvuta ule waya.

Hendeli inashikwa kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie. Hilo baba alinieleza mara nyingi, na ndilo nililolisahau. Nikazungusha mara tatu, gari likapiga chafya. Mara ya nne hendeli ikarudi nyuma kwa kishindo, ikanipiga kifundo cha mkono. Nikakaa chini nikautazama mkono ukivimba taratibu. Uliuma, nadhani. Nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwingine aliyeniachia nimshikie. Kisha nikasimama nikazungusha kwa wa kushoto, likawaka.

Lilikuwa na sauti ileile, ya kukohoa kwanza halafu kutulia. Moshi ukaingia ndani. Nikatazama dirisha la chumba cha mama. Ubao wa dirisha ukafungwa, polepole. Nikaenda kuuvuta waya.

Siku yenyewe, jua lilipopanda, wanawake wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakafukiza udi. Walipotafuta mafuta ya nywele wakaikuta chupa nusu, wakaulizana, nami nikawa natazama dari. Akatoka na buibui lake. Alikuwa amepungua, au mlango ulikuwa umepanuka. Wanawake wawili watatu wakaanza kuingia nyuma ili wamsindikize.

"Nyinyi mtatembea," mama akasema.

"Mpaka Usagara?"

"Miguu mnayo."

Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Akaiweka mikono mapajani, akaiondoa, akairudisha. Nikapiga hendeli kwa mkono wa kushoto. Gari likawaka mara ya pili, wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akamziba mwenzake mdomo maana hawakujua kama inafaa.

Kufuli sasa lilikuwa limelegea kwa uzee na kwa penseli zangu. Gari likitetema, ufunguo ulikuwa unarudi nje kidogo kidogo, kama ulimi. Nami nilijua ukitoka njiani, nikikata kona, ile ka itasikika tena, na safari hii mtaroni tutaingia sote wawili.

"Mama, ushike ufunguo. Hapo, chini ya usukani. Usukume ndani, usiuache."

Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu yake. Tukatoka.

Nilikwenda gia ya kwanza na ya pili tu, mkono uliovimba ukiwa juu ya usukani kwa ajili ya sura. Ngamiani yote ilikuwa barabarani, kila mtu na baiskeli yake. Mmoja alitukatiza akiwa na tenga la kuku, nikafunga breki, gari likaruka, mama akaenda mbele akarudi. Mdomo wangu ulifunguka peke yake kwa ile sauti. Nikaufunga. Mama alikuwa anatazama mbele, kidole hakijatoka kwenye ufunguo, kucha imekuwa nyeupe. Kwenye kona nilikata polepole kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Kila kona nilisikiliza. Haikusema kitu.

Tukafika. Mama mkubwa alikuwa mlangoni kwake na chetezo, moshi wa udi unamwingia machoni, analia tayari. Nikasimamisha gari, likabaki linaunguruma. Nikashuka, nikafungua boneti, nikauvuta waya. Likazimika. Nikarudi kumfungulia mama mlango.

Hakushuka. Kidole kilikuwa bado juu ya ufunguo. Nikamwambia basi, mama, uache, tumefika. Akauacha. Akakipapasa kiti pembeni mwa paja lake, kwanza kwa vidole, halafu kwa kiganja chote, akainama akagusa na chini miguuni, kwenye bati. Kisha akasema:

"Baba yako miaka yote alikuwa akiniambia huku mbele kunaunguza, joto la injini. Mbona kuko baridi tu."